Mita Haikufika Tisa

S.L.P. 88,
Hlotse, Leribe.
6 Juni, 2016

Mpendwa Dada Puleng,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi ya kukata masikio. U hali gani, na watoto? Kile kifua cha mwaka jana kimepona, au bado unakunywa dawa? Sisi wazima. Mama mguu unamsumbua, ila jana alipika mboga za moroho akamaliza sufuria peke yake.

Habari njema zimeishia hapo. Zilizobaki zinanitia kinyaa, na nitazisema zote.

Bila shaka unalikumbuka lile jaribio la mwaka wa mwisho, la kupima jinsi kapasita inavyojaa umeme kupitia rezista. Betri ni ya volti tisa. Mwenzangu Khauhelo alihesabu sekunde, mimi nikasoma mita na kuandika. Mshale ulipanda upesi kuliko tulivyotarajia, na baada ya nusu dakika ukagota kwenye sita. Tulirudia mara nne. Sita tu.

"We Lineo, andika tisa twende tukale," Khauhelo akanicheka. "Kwani unaichumbia hiyo kapasita?"

Akatoa daftari mkobani. Ndilo ambalo darasa zima hunakili majibu yake, na limejaa mafuta ya maandazi ya makoenya kila ukurasa, ukilishika unataka kunawa. Kwenye jalada kuna jina lako. Nakiri nilijivuna kidogo.

Sikunakili. Nilikwenda kwa yule mzee, Ntate Sekake, fundi wa redio pale sokoni. Akasikiliza, akacheka. "Binti, hiyo mita yenu ya mshale nayo inakunywa umeme. Haitafika tisa hapo, na haikuweza tangu itoke kiwandani." Aliniazima yake mpya, nikarudia jaribio, ikapanda hadi karibu tisa. Nikaandika vipimo vyote viwili pamoja na sababu.

Ntate Mokhachane, mwalimu wetu, alipiga mstari mwekundu toka juu hadi chini mbele ya darasa. "Miaka kumi na moja wanafunzi wangu wanapata tisa kwa mita hiyo hiyo! Mkono wako wewe una laana gani?" Wakacheka wote, wale wale walionakili, na vidole vyao vina mafuta bado.

Amenipa sifuri. Bila alama ya jaribio hilo sipati cheti, na ile nafasi ya kazi ya ufundi kule bwawani atapewa mwingine. Walimu wanakaa kikao tarehe ishirini. Amesema nikinakili upya kabla ya siku hiyo atanipitisha. Sitanakili.

Jioni ile niliigeuza ile mita ya darasani nikaangalia nyuma. Pamekwaruzwa kwa msumari: Puleng M., 2005. Kwa hiyo ulitumia mita hii hii, Dada. Hukuiona tisa. Uliiandika tu ukiwa umekaa, na wenzako wa miaka yote kumi na moja wakaifuata.

Nimekuchukia siku tatu. Nimekua nikiambiwa niwe kama Puleng. Mama alichinja kondoo ulipofaulu, nami nikala na kulamba vidole. Sasa natamani ningeikataa nyama ile.

Mwandikie Ntate Mokhachane, hata mistari miwili. Mwambie hukupima. Mimi hanisikii, lakini wewe anakutaja kila mwaka. Najua utaaibika. Mimi nimeshaaibishwa mbele ya watu thelathini, na kosa langu ni kuandika nilichokiona.

Msalimie shemeji Lehlohonolo, na umbusu Rethabile mdogo kwa ajili yangu. Mama anakusalimu sana. Jina lako bado analitaja kwenye sala za jioni, na sijamwambia kitu. Mungu akulinde huko Welkom, akupe na nguvu ya kushika kalamu kabla ya tarehe ishirini.

Mdogo wako akupendaye, ingawa wiki hii kwa shida,

Lineo