Makala ya Akiba

Jumanne, 4 Machi

Bomu stesheni kuu, asubuhi, watu wamejipanga foleni ya tiketi. Chiriku alikuwa dirishani anauza. Mtoto wa dada yangu — jina hilo nilimpa mimi, kwa mdomo wake usiojua kupumzika. Yu hai. Kipande cha chuma kimekaa karibu na uti wa mgongo. Daktari anasema hapa hakuna wa kukitoa, na kikisogea, miguu basi.

Waziri wa Usalama kwenye televisheni: tumesikitishwa. Alisikitishwa mwaka jana vilevile, na mwaka juzi. Tangu leo kwangu ni Mheshimiwa Tumesikitishwa. Polisi wenyewe wanasema onyo lilimfikia mapema. Askari wa stesheni akawahamishia kwenye mkutano wa chama chake. Wakalinde viti!

Jumatano, 5 Machi

Nje ya hospitali watu wamefurika, wanataka Waziri ajiuzulu. Fundi viatu wa pale getini, anayenishonea miaka yote, amenishika mkono. Anasema watakuwa wanaisubiri safu yangu ya Ijumaa gazetini, nimnyooshe. Nikajibu kama jogoo aliyepanda paa: subirini.

Kichwa cha makala ninacho tayari. "Ondoka."

Ndani, dada amekaa koridoni na afisa wa Wizara, mama mpole, sauti ya asali. Serikali itawapeleka majeruhi kutibiwa nje kwa ndege. Wagonjwa wengi, nafasi chache. Kisha akanigeukia mimi: "Familia zenye utulivu, ndugu yangu, zinaturahisishia kazi."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu vitisho. Sijawahi kukutana na kilichopigwa pasi vizuri namna hii.

Alhamisi, 6 Machi

Dada ameniomba nisiandike wiki hii. Nikampa mhadhara. Historia ya madhalimu wote, nikamwambia, huanza na familia moja iliyonyamaza kwa sababu nzuri. Akasikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Umemaliza, kaka? Basi ingia umwambie Chiriku hayo hayo."

Nikaingia. Amelazwa chali, haruhusiwi kujigeuza. Akaniuliza kama bibi aliyekuwa mbele ya foleni alipata tiketi yake, maana alikuwa anawahi harusi ya mjukuu. Nilisema sijui. Najua.

Nikatoka na mhadhara wangu. Nikampigia Mhariri, nikasema naumwa. Akaniomba nirudie. Ugonjwa na mimi hatujawahi kuwekwa sentensi moja. Kisha akasema pole.

Ijumaa, 7 Machi

Afadhali ningekuwa naumwa kweli.

Gazetini kwetu kila mwandishi wa safu huacha makala moja ya akiba, ya siku atakayoshindwa. Yangu niliiandika zamani nikaisahau. Jana, baada ya simu yangu, Mhariri alikwenda mazishini. Mpangaji kurasa akaona nafasi tupu, akafungua akiba, akaibandika bila kusoma. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Nani husoma akiba?

Inahusu ukaguzi wa mifuko stesheni. Niliudhihaki. Niliandika kwamba wanampekua kila mama mwenye kikapu kana kwamba kabeba kiama, na nikataka walinzi waondolewe. Imetoka leo. Picha yangu inacheka. Ukurasa wa pembeni yake, picha za waliokufa.

Getini mama mmoja akanisimamishia kikapu mbele ya miguu. "Pekua basi, mwalimu wa taifa. Au tunakusumbua?" Watu hawakucheka. Fundi viatu akanirudishia viatu vyangu hajavishona, akageukia mteja mwingine.

Jioni, Bungeni: Mheshimiwa Tumesikitishwa anasoma aya yangu kwa miwani. Hata mkosoaji wetu mkali, anasema, alidai walinzi waondoke. Serikali iliwasikiliza wananchi. Kwamba imechapwa leo, hakutaja. Makofi. Nimewahi kutukanwa na mawaziri watano na nikalala usingizi mnono. Kunukuliwa na mmoja kumenishinda.

Jumamosi, 8 Machi

Chiriku kapata nafasi. Ndege ni Jumatatu mchana. Waziri atawaaga majeruhi uwanjani, na afisa wa asali anasema ingependeza mjomba asimame na familia. Dada alinieleza hayo huku analia kwa furaha, kama mtu anayekueleza hali ya hewa nzuri.

Nimekaa nikaandika. Yote — askari waliohamishwa, koridoni, ile sauti, kwa nini nilinyamaza, makala ya akiba ilivyotoka. Imetoka kwa mkupuo. Mhariri kaisoma, kasema itoke Jumatatu alfajiri, kwa sababu asubuhi hiyo Bunge linapiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri, na wabunge kadhaa wanayumba. Nikamwomba iwe Jumanne, ndege ikishaondoka. Akasema Jumanne nitakuwa naandika tanzia ya kura.

Anataka jibu kesho kabla ya saa sita mchana. Kurasa za ndani huchapwa mapema.

Jumapili, 9 Machi

Nesi wa zamu ya asubuhi kambadilishia Chiriku shuka bila salamu. Chiriku akamuuliza kosa lake. Kajibiwa kwamba hana kosa, ila mjomba wake anajulikana.

Kwa hiyo akataka kujua nimeandika nini. Nilidhani atakasirika. Akasema ile ya kikapu inachekesha, shida yake ni siku tu. Kisha akasema anavyonijua, lazima kuna nyingine. Nimsomee.

Nikamsomea kutoka kwenye simu. Alifumba macho. Kwenye askari waliohamishwa akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepokea tiketi na kuikuta sawa. Nikafika koridoni, kwa mama mpole na nafasi chache, nikaishia hapo.

"Nafasi ipi, mjomba?"

Hakuwa anajua. Dada alimwambia daktari ndiye aliyemchagua.

Nikadanganya kwamba naitwa, nikatoka. Naandika haya nimesimama koridoni, daftari ukutani. Dada anakuja kutoka ngazini na shati langu jeupe kwenye hanga, la kesho uwanjani, kalishika juu lisikunjike. Simu inatetemeka mfukoni: Mhariri. Saa sita kasorobo. Na ndani Chiriku anagonga chuma cha kitanda kwa pete yake, tena na tena, anataka nirudi nimalizie kusoma