Maswali Mepesi kwa Mama

Butimba, Mwanza
3 Machi 2024

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri na kazi ya dagaa. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kidogo.

Siku ile Shangazi Odeta aliponipa namba yako nikapiga, tulinyamaza wote wawili mpaka salio likaisha. Ndiyo maana naandika, na barua nampa kondakta wa basi la Musoma. Sitakuuliza kwa nini uliondoka nikiwa na miaka mitatu. Mimi nina maswali mepesi tu. Juzi bwenini wenzangu walikuwa wanasimulia mama zao. Mmoja anasema wake hapati usingizi bila redio, mwingine wake anaogopa kinyonga. Zamu yangu ilipofika, nikasingizia naenda kuchota maji.

Kwa hiyo: unapenda chakula gani? Utotoni ulicheza nini? Ukiamka unaanza na nini? Unaogopa nini cha kuchekesha?

Mwanao,
Kija

Kinesi
19 Machi 2024

Mwanangu Kija,

Marahaba, marahaba. Nimeitikia peke yangu jikoni mpaka jirani akachungulia. Hapa sijambo, ila mvua imeanza na dagaa hawakauki. Hicho kifua kinywee maji ya moto yenye tangawizi.

Nilicheka maswali yako, kisha nikakaa chini. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Napenda kichwa cha sato, na macho yake simwachii hata mgeni. Utotoni, wale wadudu wa ziwani walipokuja kama moshi, tulikimbilia humo midomo wazi tukishindana nani atameza wengi. Nikiamka, sisemi na mtu kabla ya chai. Naogopa bata. Usicheke, bata anakutazama kama mtu anayejua siri zako.

Na mimi naomba kuuliza. Jino lako la kwanza liling'oka lini, na nani alilirusha juu ya paa? Unalala vipi? Picha usinitumie. Nataka nikuone kwa macho yangu.

Mama yako

Butimba
7 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona, ahsante. Wewe je, jua limerudi?

Jino liling'oka nikiwa darasa la kwanza, natafuna michembe, vile viazi vikavu. Baba alikuwa ameshahamia Misungwi kwa mke mwingine, kwa hiyo nililirusha mwenyewe. Likadondoka, nikarusha tena, mpaka Shangazi akatoka kuuliza nani anapiga bati mawe. Nalala kifudifudi. Na mimi asubuhi sisemi na mtu! Shangazi husema, "Sijui umemrithi nani," halafu anaondoka haraka.

Jumapili ya mwisho ya Mei ni siku ya wageni hapa chuoni. Njoo, Mama.

Mwanao,
Kija

Kinesi
23 Juni 2024

Kija mwanangu,

Hujambo? Umeniandikia mara mbili tangu siku ya wageni na sijajibu. Mwili ni mzima. Mkono ndio ulikuwa mzito.

Nilikuja. Nilifika mpaka getini na sato wa kukaanga kwenye kikapu. Wasichana walikuwa wengi, wote sare moja. Kila aliyepita nilimtazama usoni, nasema ndiye huyu, kisha nasema siye. Mmoja aliniambia, "Shikamoo mama," moyo ukaruka, naye akapita zake.

Mlinzi akauliza, "Mama, unamtafuta nani?"

"Mwanangu."

"Yukoje?"

Ningetaja jina wangekuita, nawe ungekuja ukamwona mama asiyeijua sura ya mwanawe. Nikamwachia mlinzi samaki, nikasema nimekosea chuo.

Mama yako

Butimba
30 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Siku ile nilikaa kwenye benchi karibu na geti tangu asubuhi, nikiwakataza watu wasikalie nafasi iliyo kando yangu. Jioni nilikasirika. Niliwaambia wenzangu mama anaumwa. Barua yako nimeisoma nikalia, kisha nikawaza: na mimi nilikuwa natazama wanawake waliokuwa wakipita. Huenda nilikutazama nikakuacha upite.

Likizo imefika. Ijumaa, tarehe 12 Julai, nitavuka na kivuko cha Musoma kuja Kinesi. Usije kunipokea. Safari hii mimi ndiye nitakayetafuta. Nikishuka nitauliza watu, "Kwa Mama Kija ni wapi?" Wataniambia?

Mwanao,
Kija

Kinesi
8 Julai 2024

Mwanangu,

Hujambo, na masomo umemaliza salama? Barua yako nimeipata Jumamosi.

Hapa hakuna aliyeijua nyumba hiyo. Wananiita Adoyo, wengine Adoyo wa dagaa. Niliporudi kwetu sikumwambia mtu kama nimezaa, maana angeuliza mtoto yuko wapi.

Basi jana nilipotoka kanisani nikaanzia kivukoni. Nikaingia kwa muuza vocha, kwa fundi cherehani, kwa Bernadeta mwenye mgahawa, mlango kwa mlango. Nikawaambia, Ijumaa atashuka msichana atauliza kwa Mama Kija, mleteni kwangu.

Mzee Yakobo wa pikipiki akashangaa. "Mama Kija ndiye nani tena?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, mzee wangu."

Akanitazama, akavua kofia.

Leo naanika dagaa, mtu akapita njiani akaita, "Mama Kija, umeamkaje?" Nilichelewa kuitika. Nilidhani anamwita mwingine.

Njoo.

Mama Kija