Shikamoo Kabla ya Kuzama

Shikamoo Mama,

Ulinilea kwa adabu kupita kiasi, na leo nusura adabu hiyo iniue. Niko Singida, natafuta pampu ya maji iliyodondoka ziwani. Unajua kawaida yangu: kabla ya kupiga mbizi nakunywa maji ya kutosha, nanyoosha miguu na kupasha mwili moto kwenye maji mafupi ya ukingoni, nisije nikabanwa na misuli huko chini. Basi kila nikipata joto, anatokea mzee. "Kijana, huku kwetu hatupitani hivi hivi!" Navua miwani, natoka majini, nainama, shikamoo. Hujambo? Mama hajambo? Mvua huko Tanga imenyesha? Na upepo wa huku, Mama, hauna huruma na mtu aliyelowa. Wazee walipomaliza salamu zao, nilikuwa nimepoa kama kiporo cha ugali.

Nikazama hivyo hivyo. Huko chini shavu la mguu likakaza kama jiwe! Nikashika ncha ya pezi la mpira nililovaa mguuni, nikalivuta kwangu mpaka msuli ukalegea kidogo, nikaibuka na kujikokota hadi nchi kavu. Bibi mmoja akaudaka mguu wangu, akaukunja unyayo kwa nguvu. Nikapiga yowe.

"Pole, mjukuu wangu," akasema. "Lakini mbona hujaniamkia?"

Nikamwamkia nikiwa chali, machozi yakinitoka. "Marahaba," akajibu, ndipo akauachia mguu.

Pampu bado iko chini. Nimekukumbuka mno, Mama. Niombee kesho wazee wa hapa wachelewe kuamka.

Mwanao mwenye adabu,
Hamisi