Gundi Hakurudi Uwanjani

Jumatatu, 4 Machi

Mwenyekiti wa chama amepiga simu tena. Historia ya kriketi yetu iende kwa mchapaji kabla mwezi haujaisha. Sura zote zipo, kasoro moja. Fainali! Kila mtu anataka fainali.

Siku ya kwanza tulikuwa mbele. Siku ya pili mlinda wiketi wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti kudaka mipira, hakutokea. Akawekwa mtu wa akiba, akadaka kama anayefukuza nzi. Tukashindwa. Watu wakasema mlinda wiketi kauza mechi, na mpaka leo wanasema. Walimwita Gundi, maana mpira ukigusa glavu zake ulikuwa haubanduki.

Gundi ni baba yangu.

Hakutokea uwanjani na hakutokea nyumbani. Alirudi baada ya miaka miwili na sanduku lile lile, akauliza kuna chakula gani. Mama akapakua. Sisi watoto tulikatazwa kuuliza, na mama amekwenda kaburini na katazo lake.

Nimeandika vitabu vitatu vya kriketi na riwaya mbili. Watu wa kriketi wanasema mimi ni mtu wa riwaya, watu wa riwaya wanasema mimi ni mtu wa kriketi. Popo, si ndege si mnyama. Nimewahoji wachezaji karibu wote wa enzi ile, hata yule mwamuzi kiziwi. Baba sijamhoji.

Jumatano nakwenda kumhoji. Ningetegemea moyo unidunde. Wapi.

Jumatano, 6 Machi

Baba anakaa kwa dada tangu alipopata kiharusi. Kitanda cha chuma, feni ya mezani iliyofungwa kitambaa ili isigonge, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Amepungua. Vidole ni vilevile: kila kimoja kimepinda upande wake, kazi ya mipira hiyo. Dada aliangusha kijiko, mikono ya baba ikafunguka yenyewe kukidaka. Amelala nusu, anadaka!

Nikawasha kinasa sauti. Siku ya kwanza anaikumbuka mpira kwa mpira. Nani alirusha, upepo ulitoka wapi, nani alivaa padi za miguuni za kuazima. Nimelinganisha na magazeti ya maktaba, hajakosea hata mahali pamoja.

Kisha nikauliza. Siku ya pili, baba, ulikuwa wapi?

Akasema, nilikuwa hospitali. Na wewe. Ulikuwa na homa kali, ukawa unaita jina langu, nikaacha mechi nikaja. Nilikaa kwenye benchi usiku kucha.

Mimi! Sikumbuki homa yoyote. Lakini nilikuwa mdogo, nani anakumbuka homa zake? Nikaona, kumbe. Miaka yote hii, kumbe.

Akaendelea. Kulikuwa na nesi mmoja, soksi moja ya bluu, nyingine nyeupe. Alivaa gizani, maskini.

Nikazima kinasa sauti.

Huyo nesi namjua. Nilimzaa mimi mwenyewe, jikoni kwangu, nikiandika riwaya ya pili, ile ya baba aliyetoweka. Soksi zile nilizibuni kwa sababu ukurasa ulikuwa umepooza. Homa nimeibuni mimi. Benchi pia.

Ijumaa, 8 Machi

Dada amekiri bila kuulizwa mara mbili. Anamsomea riwaya yangu kila alasiri. Baba alikuwa hatulii, anapiga ukuta, anataka kwenda asikokujua. Dada akijaribu gazeti, baba anapiga ukuta. Akimsomea riwaya, anatulia. Dada alifundisha hesabu maisha yake yote, anasoma na rula chini ya mstari asije akaruka.

Nikamwambia amenichafulia shahidi wangu. Shahidi wa mwisho aliye hai! Sasa anatoa ushahidi wa mambo niliyoyatunga.

Akasema, shahidi wako ananyweshwa uji na mimi, mdogo wangu, wewe unakuja na mashine.

Nilikula alichonipa nikaondoka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejaribu asubuhi, kabla hajasomewa. Nikaona huenda akili ikiwa bado mbichi, ukweli utachomoza wenyewe. Nikazunguka kama wakili. Uliondoka uwanjani kwa mguu au kwa gari? Sanduku ulilichukua saa ngapi? Nani alikupokea huko ulikokwenda?

Hospitali. Benchi. Soksi.

Nikamwambia polepole, baba, mimi sikuumwa.

Akanitazama kwa huruma. Akasema, wewe ulikuwa mahututi, utajuaje?

Nilicheka. Kisha nikakaa kwenye gari muda mrefu bila kuliwasha. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata yenyewe nimeijaza maji yangu. Pale palipokuwa na siku moja ya kweli, mbaya au nzuri, sasa pana sura yangu ya kumi na mbili. Ningependa kusema nimeumia. Nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Jumanne, 12 Machi

Mwenyekiti kaja nyumbani. Nilifanya kosa la kumwambia yale aliyoyasema baba, kabla sijamaliza kumweleza kwa nini ameyasema. Akaruka kutoka kwenye kiti. Hospitali! Na mtoto mgonjwa! Miaka yote tumemwita msaliti, kumbe alikuwa mzazi!

Nikamweleza yote. Riwaya, dada, rula. Alisikiliza akikoroga chai isiyo na sukari. Akauliza, mzee kasema kwa kinywa chake au hakusema? Kasema. Kwenye kinasa sauti? Ndiyo. Basi wewe ni nani umpinge baba yako?

Mimi ndiye niliyeyatunga, nikasema.

Akasema, labda ulitunga kitu cha kweli bila kujua. Nyie waandishi si ndivyo mnavyosema kwenye redio?

Ndivyo tunavyosema. Nimewahi kusema mimi mwenyewe.

Nikiandika hospitali, baba anakufa akiwa msafi, na mimi nimeghushi historia. Nikiacha pengo, wataendelea kulijaza wenyewe: kauza mechi. Nimeandika sentensi ya hospitali, nikaifuta. Nimeiandika tena. Ni sentensi nzuri, hilo ndilo tatizo.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwambia dada aache kusoma. Amekataa.

Tulikuwa jikoni, anachambua mchele. Nikamwambia, mimi nahitaji kujua alikuwa wapi. Akasema, mimi sihitaji. Nilikaa dirishani siku zile zote nikimngoja, mdogo wangu, wewe ulikuwa unachezea vifuniko vya chupa sakafuni. Hukuumwa. Hakuna aliyeumwa. Alikuwa kwa mwanamke au alikuwa kwa mashetani, mimi itanisaidia nini?

Basi kwa nini unamsomea uongo?

Aliendelea kuchambua. Akasema, nimefika sura ya kumi na saba.

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Sura ya kumi na tisa ndiyo ya mwisho. Humo baba wa kwenye riwaya amelala, anamwita mwanawe, anamwomba radhi. Kurasa mbili. Niliziandika kwa siku moja, bila kufuta neno.

Dada akasema, kila ninachomsomea, kesho yake anakisema kama chake. Nimeona hivyo tangu sura ya pili. Nataka kuisikia hiyo radhi, akasema. Kwa sauti yake. Hata kama umeiandika wewe.

Kwenye riwaya hakuna dada. Nilimwondoa kwa sababu mhariri alisema watoto wawili wanachanganya. Hakuwahi kunilaumu. Nilimtazama akipuliza makapi na nikaona aibu. Ni aibu ndogo, lakini niliihisi, na naiandika kwa kuwa ni ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 17 Machi

Nimekuwapo wakati wa kusomwa sura ya kumi na tisa. Nilisimama ukumbini kama mkwe. Dada alisoma bila kupamba, mstari baada ya mstari, rula ikishuka. Sauti yake haikutikisika. Yangu ingetikisika? Sijui.

Baba alifumba macho. Alipomaliza, dada akafunga kitabu, akafungua kitambaa cha feni akakikunja, akakifunga upya.

Mwenyekiti ametuma ujumbe: mchapaji anangoja. Sijajibu.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kando ya kitanda. Nilikuja na kinasa sauti kwa mazoea tu, kipo mezani, sijakiwasha.

Baba ameamka na sura nyingine. Ameoga, amenyolewa. Kaniita kwa jina la utotoni, ambalo halimo kwenye riwaya, na mwili wangu ukashtuka kabla yangu. Akasema, kaa hapa. Nikakaa. Akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyopinda.

Kisha akaanza. Neno kwa neno. Alisema, kuna siku moja ambayo nimeibeba peke yangu. Yangu hiyo, ukurasa wa kwanza wa sura. Akasema, sikuja kukuomba unielewe. Yangu. Nilikuwa nahesabu makosa ya nukta, Mungu anisamehe, nilikuwa nasahihisha prufu za mchapaji.

Na hapo hapo machozi yakawa yanamtoka. Hayo sikuyaandika. Baba wa kwenye riwaya halii, nilihakikisha halii.

Akasema, nakuomba… akakwama. Neno limempotea. Midomo inatafuta. Ananitazama kama mwanafunzi anayemtazama mwenzake wakati wa mtihani.

Dada yuko mlangoni, mikono imejaa unga. Amesikia yote. Ananong'ona, msaidie.

Neno lenyewe nalijua. Nikilitoa, nimejiomba radhi mwenyewe kwa mdomo wa baba yangu. Nisipolitoa, hatalisema, na dada amengoja tangu dirishani.

Nimemwambia baba subiri kidogo, naandika. Amekubali kwa kichwa. Ameshaona waandishi wengi, anajua wanaandika. Mkono wake haujaniachia, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi.

Dada amekuja, ameketi upande wa pili wa kitanda. Amempa mkono wenye unga. Baba amegeuka. Anamtazama yeye sasa, anasema, wewe, wewe ulikuwa dirishani…

Hili halimo kwenye kitabu chochote. Sithubutu hata kuwasha kinasa sauti.