Wanawake Waliogoma Kuanika Dagaa

Jumamosi, likizo ya Desemba, kisiwani. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kupasua kichwa. Sasa ni jioni, naandika chumbani.

Leo nimeongea kwenye maiki.

Anayenijua atacheka. Shuleni Makoko nikiinuliwa kujibu swali nakuwaga na sauti ya mbu. Ticha wa Kiingereza ameshachoka kuniambia niongeze.

Kwa msiotoka huku: kisiwa chetu kina zahanati tu. Mgonjwa akizidiwa, kuna chama cha kujitolea, tunakiita Wavushaji, ndicho kinachomvusha mpaka Musoma mjini. Hawalipwi. Mtumbwi wao hauendi kuvua hata siku moja. Unalala mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, pua imetazama maji, makasia ndani, siku hizi na mashine. Mluzi ukilia, mwenye zamu anaacha ugali mezani. Na sheria yao kubwa ni kwamba hakuna kuuliza mgonjwa ni wa nani.

Leo chama kimefanya sherehe. Wageni wametoka Musoma na Bunda, na Wazungu wawili. Mwenyekiti alikuwa ameniagiza niandike historia ya chama, niisome kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza, eti kwa sababu nasomeshwa kwa lugha zote mbili. Mwenyekiti mwenyewe ni baba mkubwa, kaka yake baba.

Historia niliichukua kwa bibi, mama yao. Tulikaa jikoni tunachambua dagaa, yeye anasimulia.

Enzi za makasia, jirani yao aitwaye Nyangeta alishikwa na uchungu usiku, mtoto akakwama. Mtumbwi pekee mzima uliokuwepo mwaloni ulikuwa wa babu yangu. Lakini mwezi haukuwepo, na giza ndilo la kuvulia dagaa. Babu akasema mtumbwi ni wa kazi, watampeleka asubuhi.

Asubuhi hapakuwa na wa kupelekwa.

Wanawake walitoka kuzika wakaenda mchangani, bibi akiwa mbele. Kwetu mwanaume anavua, mwanamke anaanika. Siku ile wanaume walishusha dagaa wakawakuta wake zao wamenyoosha miguu, wanasukana nywele. Hakuna aliyenyanyuka. Kesho yake vilevile. Wanaume wakajaribu kuanika wenyewe, wakamwaga vichuguu vichuguu, dagaa wa chini wakaoza. Bibi akifika hapa anachekaga mpaka anakohoa: "Mwanaume na dagaa! Anawamwaga kama anazika!" Uvundo ulijaa kisiwa. Wanunuzi waligeuza mitumbwi kabla hawajashuka. Wanawake wakasema neno moja tu, kwamba hawaaniki mpaka mtumbwi mmoja utengwe kwa ajili ya wagonjwa.

Aliyeutoa ni babu. Na ndiye akawa mpiga kasia wa kwanza, mpaka mgongo ulipomkatalia.

Baba mkubwa alipoisoma hiyo karatasi, uso ulibadilika. "Hii ya dagaa kunuka toa. Na huyu mama aliyekufa toa. Andika wazee waasisi waliona umuhimu wa kusaidia jamii. Au unataka kumvua nguo babu yako mbele ya wageni?"

Nikasema ndiyo, baba mkubwa. Mimi ninasemaga ndiyo kwa kila mtu.

Nilipomwambia bibi, hakuacha hata kuchambua. "Babu yako alikuwaga mtu mzuri. Siku ile tu hakuwa."

Sasa ngoja niseme nilichopanga. Nilipanga kusoma Kiswahili kile alichotaka baba mkubwa, halafu ukweli wote niupitishe kwenye Kiingereza, kwa sababu Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Nilijiona mjanja. Nililala vizuri kabisa.

Leo nikiwa chini ya turubai, nasubiri kuitwa, nikatazama nyuma. Wageni walikuwa kwenye viti. Wale bibi waliogoma, waliobaki, walikuwa kwenye moshi wanapika pilau ya wageni. Binti yake Nyangeta, aliyeachwa mdogo na ambaye naye sasa ni bibi, alikuwa anachochea kuni. Nikaona ujanja wangu ulivyo. Wazungu wangeondoka na ukweli, wanawake wenyewe wangebaki na "wazee waasisi".

Ule haukuwa ujanja. Ulikuwa woga uliovaa sare ya shule.

Nikaitwa. Mstari wa kwanza hakuna aliyesikia. Kijana mmoja akapaza, "Sauti! Kwani hujanywa uji?" Watu wakacheka. Nikabandika mdomo kwenye maiki, nikalitaja jina la Nyangeta. Kwa Kiswahili.

Miiko ikasimama kwenye masufuria. Kisha huko kwenye moshi mtu akaita, "Soma, mwanangu! Rudia hapo hapo!"

Nikarudia.

Nilipofika kwa wanaume kumwaga vichuguu, wanawake waliangua kicheko, na wazee wengine nao wakashindwa kujizuia. Ndipo baba mkubwa akaja na mkono umenyooka: "Muda, muda umeisha." Akashika maiki. Na mimi nikawa nimeishika.

Sikuiachia.

Nikasoma mpaka babu anapokamata kasia, na hapo ndipo sauti yangu ilipokuwa kubwa kuliko zote, maana hapo ndipo ninapomwonea fahari. Mtu aliyekosa kiasi kile halafu akageuka. Baba mkubwa anataka babu nusu. Mimi namtaka mzima.

Kiingereza nilikisoma haraka haraka. Wageni walipiga makofi kama wanavyopigia kila kitu.

Baba mkubwa si mtu mbaya, naomba nieleweke. Nilipokuwa mdogo nikashikwa na degedege, ndiye aliyenivusha, ziwa limechafuka. Bila yeye hakuna wa kuandika haya. Nimelikumbuka hilo jioni nzima na limeniuma.

Lakini halinifungi mdomo. Hakunivusha ili niwe bubu.

Sasa hivi baba amekuja chumbani. Kesho baada ya ibada kamati inakaa, na mimi nimeitwa kuomba msamaha kwa kuudhalilisha ukoo. Na ukuta wa ofisi ya chama utaandikwa historia kama mwenyekiti anavyotaka. Baba alikaa pembeni ya kitanda, akasema kwa upole, "Omba tu, mama, yaishe."

Alipotoka nikarudi kwenye daftari. Nimemjibu hapa.

Nitaenda. Nitavaa gauni la kanisani, nitapiga goti mbele ya baba mkubwa kama nilivyofundishwa. Shikamoo ataipata.

Msamaha hapana.