Orodha ya Waini na Ladha Niliyoipoteza

Kwa mke wangu, Susu,

Wasomaji wasishtuke. Wewe ni nyanya yangu, mamake baba, lakini kwa vile nilipewa jina la babu, uliniita mume wako tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Na mume wako amepanda cheo. Keti vizuri huko uliko, nikuringie kidogo.

Nilipotoka shule kidato cha pili ulisema kichwa changu ni cha kuvalia kofia tu. Basi hicho kichwa sasa kinasimamia waini kwenye mkahawa wa steki hapa Kiboko, ule wa viti vya ngozi na taa za kuning'inia. Nilikuwa mtu wa kumenya viazi. Siku moja Madam Ndinda, mwenye mkahawa, alituita wafanyakazi wote, akapanga chupa mezani na orodha ndefu kando. Alitaka mtu wa kumwambia ukweli: ipi ibaki, ipi iende. Atakayeweza, orodha ni yake. Atakayebahatisha, arudi jikoni. Niliinua mkono kabla hajamaliza. Unanijua.

Nilipoonja nikatema, wenzangu walicheka. Hawakujua nimesomea wapi. Nimesomea kwako Mbooni, ukitengeneza pombe ya asali ya wazee wa mahari. Kijana ambaye hajaoa haruhusiwi kumeza, lakini pua yako ilikuwa imechoka, kwa hivyo kila asubuhi ulichota kidogo kwenye kibuyu ukanipa.

"Onja, tema. Ukimeza nakutaliki leo leo."

"Ukinitaliki nani atakuchotea maji?"

"Nyamaza, useme umeonja nini."

Basi nikasema, kwa Madam, vile nilivyokuwa nikikwambia wewe. Kijana wa kampuni ya waini kutoka Nairobi, tai mpaka kooni, aliona ladha ya tunda la cheri kwa kila chupa. Cheri mimi sijawahi kuiona. Nikasema ya kwanza ni ganda la embe bichi, ya nne ni zambarau zilizoanguka zenyewe, ya sita ni jivu lililomwagiwa ndimu. Nikasema nyekundu nzito zimezidi. Kwa joto la huku, mtu akila steki saa saba mchana na hizo atalala mezani, heri nyeupe ziongezwe. Madam akawa anaandika. Tukafika ya tisa, ile waliyoiweka juu kabisa ya orodha. Nikanusa, nikairudisha.

"Hii imeharibika. Inanuka gunia lililonyeshewa."

"Bro, hiyo ni ya Ufaransa," kijana akasema.

"Kwani Ufaransa hakunyeshi?"

Watu walicheka, lakini mimi nilikuwa naviona viazi vikiningoja jikoni. Madam akanusa. Akafungua chupa nyingine ya aina hiyo hiyo, akanusa tena, hiyo haikunuka gunia, kisha akamsukumia kijana glasi zote mbili. Kijana alinusa, akalegeza tai. Orodha nikapewa hapo hapo.

Sasa, Susu, kuringa kumeisha. Tangu uende hakuna anayetengeneza pombe ya asali pale nyumbani. Mama ni mtu wa kanisa, kwenye kibuyu chako ameweka mbegu za maharagwe. Nilidhani si neno, ladha yako ninayo mdomoni. Lakini kila siku naonja hizi za watu, za Italia, za Chile, na juzi nilipojaribu kuikumbuka yako nikakosa. Asali nakumbuka. Lile tunda la muatine la kuichachusha nakumbuka. Ni kile kilichokuja baadaye, nyuma ya ulimi, ulichokuwa ukikingoja nikitaje huku umenikazia macho. Nilikuwa nakitaja, ukatabasamu. Sijui nilikuwa nasema neno gani.

Nilimuuliza mama, akasema hakuwahi kuonja. Nikawauliza wazee wawili walioinywa kwa mahari ya shangazi. Wanakumbuka tu kwamba walilala njiani.

Disemba nikipata likizo nitanunua asali na muatine, nijaribu mwenyewe pale jikoni kwako. Mikono ninayo. Lakini nikikosea, mke wangu, hakuna mtu aliyebaki wa kuniambia nimekosea.

Mumeo, mjukuu wako,
Mutua