Mtunza Bustani Ambaye Hayumo Kitabuni

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo likishachapishwa halifutiki, na ukitaka kunigombeza nigombeze tu, ila usinicheke.

Mimi ni mchonga funguo. Nina kibanda chembamba kati ya duka la viatu na saluni, mashine moja, ukuta mzima wa funguo zisizochongwa, na wateja wananiita Bwana Funguo. Kazi hii ina kusubiri kwingi, na katika kusubiri huko nikaanza kuandika riwaya za upelelezi, mwanzo kwa mzaha, halafu nikashindwa kuacha, nikawa naandika kibandani, naandika nikingoja sufuria ichemke, naandika kwenye benchi la zahanati mtoto wangu wa mwisho akiwa na homa amenilalia pajani, kwa sababu mke wangu ni mkunga na zamu zake hazina adabu, leo asubuhi kesho jioni, kwa hiyo nyumbani mimi ndiye ninayepika, ninayefua sare za shule, ninayejua nani hali vitunguu. Silalamiki. Nataka tu ujue kitabu kile kilitokea wapi.

Riwaya ya kwanza ilipata mchapishaji, ikatoka mwaka jana. Nyumbani walifurahi sana. Mke wangu aliipeleka kazini akaionyesha wodi nzima, binti yetu mkubwa akaipiga picha, na mama mkwe, ambaye tunaishi naye, aliipindua mbele na nyuma akasema ina uzito mzuri. Baadaye nikamsikia jikoni akimwambia mke wangu, "Mwanangu, huyu mumeo anajua sumu nyingi mno. Mimi chakula chake nitakula akishaanza yeye." Na kweli, siku hizi hagusi sahani mpaka nimeze. Hilo nililicheka. Lililofuata sikuliweza.

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, alikuja kututembelea, na tukiwa mezani akauliza kitabu kinahusu nini, mke wangu akaeleza vizuri kabisa, mauaji kwenye nyumba ya wageni, kila mtu ana siri yake, basi shemeji akasema, "Niambie tu muuaji ni nani, mimi kusoma siwezi." Mke wangu akajibu bila kusita, "Yule mtunza bustani." Wakacheka, wakahamia mengine, nami nikaendelea kupakua mchuzi, kwa sababu Shangazi, kitabu changu hakina mtunza bustani. Bustani iko kwenye jalada, na aliyeichora ni mchoraji wa mchapishaji bila kuniuliza. Walipotoka kumsindikiza mgeni niliiendea nakala ya mke wangu, ile niliyomwandikia maneno ya mapenzi ukurasa wa kwanza, nikaifungua, mgongo ukalia kama wa kitabu kinachotoka dukani. Kurasa zilikuwa bado zimeng'ang'aniana.

Sikumwambia. Ningemwambia nini, na yeye alikuwa ananisifu mbele za watu? Lakini tangu siku ile najiona kama mpangaji katika nyumba yangu mwenyewe, nawapakulia, nawafulia, nawasikiliza, na hakuna anayejua nilikokuwa mchana kutwa. Nikimweleza mke wangu habari za kitabu cha pili anasema, "Mm, endelea, nakusikia," huku macho ameyafumba na miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, nami nanyamaza katikati ya sentensi na hagundui.

Hapo ndipo alipokuja mwalimu mmoja, mwanamke. Anafundisha hisabati, ni mjane, alikuja kuchongesha ufunguo wa geti, akanitazama, akanitazama tena, kisha akatoa mkobani kitabu changu kimekunjwa pembe kila mahali.

"Picha ya nyuma wamekuzeesha," akasema. Akafungua ukurasa. "Halafu hapa umenidanganya. Huyu daktari hawezi kushuka ngazi zote hizi, afunge stoo, arudi mezani, na supu yake bado inatoa moshi."

Nikamwambia labda supu ilikuwa ya moto sana.

"Hapana," akasema. "Ulisahau."

Ni kweli, nilisahau. Na nilitaka kulia kwa furaha, kwamba kuna mtu amekaa na kitabu changu mpaka akaihurumia supu.

Tangu hapo hupita kila Alhamisi akitoka shuleni. Yeye anasimama nje ya kaunta, mimi ndani, tunabishana kuhusu nani alijua nini na alikijua lini, hatujawahi hata kuketi. Lakini nimeanza kupiga pasi shati la Alhamisi. Binti yangu aliniona nalo akasema, "Baba, leo Alhamisi, ee?" akachukua begi lake akaondoka bila kungoja jibu. Na wiki iliyopita mwalimu akasema, "Wa nyumbani kwako wana bahati, wao wanakusikia kila siku," nikakosa la kumjibu, akaona nimekosa, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, pale pale kwenye kaunta, akakiacha hadi mteja alipoingia.

Sasa kitabu cha pili kimekamilika na mhariri anataka ukurasa wa tabaruku, ule wa kusema kitabu ni zawadi kwa nani, ufike Ijumaa. Nimeandika: "Kwa mwalimu, aliyesoma mpaka mwisho." Nikiutazama mstari huo naona ni ukweli mtupu, nikiutazama tena naona ni kisu. Niupeleke? Na hizi Alhamisi, Shangazi, ni dhambi mtu kusikilizwa?

Ni mimi,
Bwana Funguo

*

Marahaba, Bwana Funguo. Sikucheki. Kukaa mezani na watu wanaokupenda, na hakuna hata mmoja anayejua kilicho kichwani mwako, huo ni upweke mbaya kuliko wa kulala peke yako. Umeumia, na una haki ya kuumia. Kubembelezana kumeishia hapo.

Mstari huo usiupeleke. Unasema ni wa mwalimu, lakini umemwandikia mkeo. Umekusudia ausome, aelewe, aone haya mbele ya wodi nzima iliyoonyeshwa kitabu cha kwanza. Unataka kumchapa kwa mashine ya mchapishaji kwa sababu umeogopa kumwambia kwa mdomo. Mtu mwenye umri wako, anayefichua siri za wauaji ukurasa baada ya ukurasa, anashindwa kumwambia mke wake, "Niliumia."

Unaniuliza kama kusikilizwa ni dhambi. Si dhambi hata kidogo. Lakini shati lako lilishajibu, na binti yako amelielewa kabla yako. Huyo mwalimu naye ni mtu, ana nyumba yake iliyo kimya, na wewe ulipokosa la kumjibu ulimwachia ajijazie mwenyewe. Mwambie wazi: nina mke, nampenda, kuna jambo limeniumiza kwake na nitalizungumza naye. Kisha mwalike nyumbani. Kama urafiki wenu ni wa vitabu utaweza kuketi sebuleni mbele ya mkeo na mama mkwe, na mama mkwe ndiye atakayefurahi kupata wa kumsaidia kuchunguza chakula chako. Kama hauwezi kuketi hapo, basi huna haja ya mimi kukuambia ni urafiki wa namna gani.

Sasa mkeo. Alidanganya, sikatai, na atajieleza mwenyewe. Ila nimeisoma barua yako mara mbili na kuna kitu sikukiona. Umenieleza moshi wa supu, umenieleza kiganja, umenieleza mpaka mlio wa mgongo wa kitabu. Kuhusu kazi ya mkeo umesema zamu hazina adabu, basi. Anarudi na nini kutoka huko? Hiyo miguu kwenye beseni ilisimama kando ya kitanda cha nani siku hiyo? Hukuniambia, na nahofia hukuniambia kwa sababu hujui. Inawezekana naye alishawahi kunyamaza katikati ya sentensi, nawe ukiwa jikoni unatafuta namna ya kumtorosha daktari wako. Nyumba hiyo ina wapweke wawili, baba, na wote wawili wanasema "nakusikia."

Fanya hivi. Siku yake ya mapumziko, watoto na bibi yao waende kwa shemeji. Mwambie unajua hakusoma. Usilete kejeli za mtunza bustani, sema uliumia, kisha funga mdomo. Atatahayari, mwache atahayari. Halafu mweleze habari za mwalimu, kiganja kikiwemo, kabla binti yenu hajamweleza kwa namna yake. Hapo atakasirika yeye, nawe ukae ukasirikiwe, usikimbilie kibandani. Mkishatulia, mwombe umsomee sura ya kwanza kwa sauti. Akisinzia, weka alama mlipofika. Akikwambia ukweli kwamba hawezi kustarehe na hadithi za vifo kwa sababu anaviona vya kutosha kazini, mwamini. Si lazima mkeo awe msomaji wako. Lazima ajue mumewe ana huzuni, na hilo hawezi kulijua usipomwambia.

Mhariri mpigie kesho, mwambie ukurasa wa tabaruku ubaki mweupe. Vitabu vingi havina, na vinasomeka. Mwalimu mshukuru mwishoni, pamoja na wasahihishaji, kwa jina lake na kazi yake, maana amekusaidia kweli na hastahili kufichwa.

Lakini usingoje siku ya mapumziko ndipo uanze. Leo mkeo akirudi, kabla hajavua viatu, mwulize nani amezaliwa. Usiandike kichwani anapojibu. Na akikwambia leo mmoja hakulia, zima jiko, ukae naye.